Mwaka niliouchomekea katikati ya udaktari

Desemba ile nilishuka basi Kilifi alfajiri, macho mekundu na miguu imevimba kwa safari ya usiku kucha kutoka Nairobi. Mtu wa kwanza kunilaki hakuwa mamangu wala babangu. Alikuwa jirani yetu, mama auzaye samaki wa kukaanga karibu na stendi. Alinikumbatia, akanishika mkono, akanivuta kando na kushusha sauti kama aliye matangani.

"Usilie, mwanangu," akaniambia. "Hata yule wangu mkubwa alirudia darasa la saba, na leo ana duka lake Malindi."

Nilikuwa silii. Nilikuwa natafuta begi langu. Lakini hadi nafika nyumbani nilikuwa nimeshapewa pole na watu watatu zaidi, akiwemo kijana wa boda aliyenibeba, na hapo ndipo nilipojua kwamba mtaa mzima ulikuwa na habari: binti wa udaktari ameanguka mtihani, amerudishwa nyuma.

Chanzo cha uvumi alikuwa mdogo wangu. Mtu alimuuliza, "Dadako sasa yuko mwaka wa ngapi?" Naye, kwa kuwa hapendi uongo na anapenda sana vurugu, akajibu, "Hayuko mwaka wowote."

Na ilikuwa kweli. Mwaka wa pili wa udaktari nilikuwa nimeumaliza na kufaulu. Wa tatu sikuwa nimeuanza. Katikati yake nilikuwa nasoma shahada nyingine kabisa, ya sayansi, katika biokemia, yaani kemia ya mwili. Chuo Kikuu cha Nairobi huwaruhusu wanafunzi wa udaktari kufanya hivyo: ukishamaliza miaka miwili ya mwanzo unasimama mwaka mmoja, unasomea anatomia, fiziolojia au biokemia kwa kina, unapata shahada yako ya sayansi, kisha unarudi kwenye udaktari ulipoachia. Waingereza wana mpango kama huo tangu zamani, na nadhani sisi tuliurithi kutoka kwao pamoja na makoti meupe na chai ya saa nne.

Ukimweleza mwanachuo mwenzio anaelewa. Jaribu kumweleza hawe, yaani nyanya.

Hawe yangu hajasoma, lakini nyumba yake ameiezeka mwenyewe mara nyingi kuliko nilizofanya mitihani. Nilizunguka na maneno, shahada ndani ya shahada, mwaka wa kusimama ambao si wa kusimama, mpaka akanikatiza. "Yaani umechomekea," akasema. Akanyosha kidole juu, kwenye paa lake la makuti, mahali ambapo kuti jipya la kijani lilikuwa limepenyezwa katikati ya makuukuu meusi. "Paa halijabomolewa. Umechomekea kuti." Tangu siku ile sina maelezo bora zaidi. Ninapoulizwa na wadogo zangu wa chuo kuhusu mpango huu, ninawaambia ni digrii ya kuchomekea.

Sasa kwa nini mtu mwenye akili zake, ambaye udaktari wenyewe tayari ni miaka sita na mwaka wa mafunzo ya kazi baada ya hapo, aongeze mwingine? Babangu aliniuliza swali hilo hilo, kwa ukali kidogo, maana karo haichomekewi kwa makuti. Nilimpa sababu za kupendeza: utafiti, nafasi za baadaye, wasifu mzuri. Zote zilikuwa za kweli kiasi. Ile ya kweli kabisa sikumwambia, kwa sababu ilihusu swali nililojibu vibaya darasani.

Mdogo wangu ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Alianza kuumwa akiwa na miezi minane, vidole vya mikono na miguu vikavimba kama ndizi kisukari, akalia siku mbili. Hawe alisema ni baridi imeingia mifupani. Watu wa upande wa baba walisema mengine, na mengi kati ya hayo yalimwelekea mamangu. Yeye ndiye aliyemzaa, yeye ndiye aliyekuja na kitu kutoka kwao. Nimekua nikiyasikia maneno hayo yakisemwa chini chini msibani na arusini. Nimekua pia na ratiba ya mtoto yule ikiwa imebandikwa kichwani: vidonge vya foliki kila siku, paludrini ya kukinga malaria kila siku, maji mengi, asilowe mvua, asicheze mpaka akachoka. Kliniki nilimpeleka mimi mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, na mtu akiniuliza nilianza lini kutaka udaktari, ni kwenye mabenchi yale.

Kwa hiyo mwaka wa pili, mwalimu wa biokemia alipofika kwenye selimundu, nilikaa wima. Nilikuwa naujua ugonjwa huu. Mhadhara wenyewe uliupa slaidi mbili hivi na kupita. Kisha mwalimu akauliza swali la kutuamsha: wazazi wote wawili wanabeba jeni moja moja ya ugonjwa, wao wenyewe hawaumwi. Wana mtoto mkubwa, mzima kabisa. Kuna uwezekano gani kwamba mtoto huyo naye anabeba?

Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. "Nusu."

"Nusu ni kabla hujamtazama," akasema. "Ukishamtazama ukaona ni mzima, umeshamwondoa yule mgonjwa, mmoja katika kila wanne. Wamebaki watatu. Wawili kati ya hao watatu wanabeba."

Darasa likaendelea. Mimi nikabaki pale pale. Mtoto mkubwa, mzima kabisa, alikuwa ni mimi. Miaka yote ile ya mabenchi sikuwahi kupimwa, wala sikuwahi kujiuliza. Nilikuwa najua dawa za mdogo wangu kwa rangi na kwa ladha, najua maumivu yake yanaanzia goti gani, na sikujua hesabu ya mstari mmoja inayonihusu mimi. Kumbe unaweza kuujua ugonjwa kama unavyolijua jirani linalopiga kelele, kila siku unalisikia ukutani na hujawahi kuingia ndani.

Ndiyo maana nikaomba.

Tulikuwa wachache mwaka ule pale kampasi ya Chiromo, tunaingia wote kwenye meza moja ya maabara na nafasi inabaki. Miaka miwili ya kwanza udaktari ni mafuriko. Unameza majina ya mishipa ya mkono asubuhi, mzunguko wa Krebs mchana, usiku unaota maiti ya mezani kwako ikikuuliza maswali. Hakuna mtu anayekuuliza umejuaje. Ni kweli kwa sababu imeandikwa, na imeandikwa kwa sababu itatoka mtihanini. Nilikuwa hodari sana wa mchezo huo.

Wiki ya kwanza ya biokemia tulipewa makala moja ya mwaka 1949, kurasa chache tu, tukaambiwa tuisome na kurudi Ijumaa tueleze jambo moja: waandishi walijuaje? Sio waligundua nini. Hilo tulilijua, lilikuwa kwenye slaidi. Makala ni ya mwanakemia Linus Pauling na wenzake, ile iliyoonyesha kwamba selimundu ni ugonjwa wa molekuli. Nilirudi Ijumaa na muhtasari wa kurasa tatu, mwalimu akausoma, akanirudishia. "Umeniambia wanasema nini. Sikukuuliza hivyo."

Nilichukia. Nikairudia makala mara nne. Mara ya nne ndipo nilipoona kitu chenyewe kilivyo rahisi na kilivyo cha ajabu. Walichukua hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, ya watu wagonjwa na ya wasio wagonjwa, wakaitia kwenye umeme, wakaona zinatembea tofauti. Za wanaobeba jeni moja zikaonekana mchanganyiko wa zote mbili. Ni hayo tu. Hawakuona umbo la seli, hawakuhitaji mgonjwa awepo. Protini yenyewe ilikuwa na chaji nyingine ya umeme.

Aliyefanya sehemu kubwa ya kazi ile ya mikono alikuwa Harvey Itano, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu huyu ndiye mtu wangu. Itano alikuwa Mmarekani wa asili ya Japani. Mwaka 1942 alikuwa mwanafunzi bora wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lakini siku ya mahafali hakuwepo, kwa kuwa serikali ilikuwa imeshampeleka yeye na familia yake kwenye kambi za kuwazuilia watu wa asili ya Japani. Baadaye akasomea udaktari, akahitimu, kisha badala ya kwenda wodini akaenda kwa Pauling kusomea kemia. Daktari kamili aliyerudi darasani kuwa mwanafunzi! Nilipolisoma hilo nilipiga picha ukurasa nikamtumia babangu kwa WhatsApp. Akajibu kwa dole gumba. Sijui kama alisoma.

Kisha tukafuata nyayo mbele. Mwanasayansi Vernon Ingram, akiwa Cambridge, aliikatakata hemoglobini kwa kimeng'enya, akavitandaza vipande kwenye karatasi, akakuta kimoja tu kimehama mahali pake. Kufikia 1957 alikuwa ameshaonyesha kosa lenyewe. Mnyororo wa beta, mmoja wa minyororo inayounda hemoglobini, una asidi amino 146, yaani vipande vidogo vya kujengea protini, na ya sita, iliyopaswa kuwa glutamati, imekuwa valini. Moja kati ya 146. Siku zote nilizomshika mdogo wangu usiku akiuma shuka zilitokana na kitu hicho. Glutamati ina chaji hasi na inapenda maji. Valini haina chaji na inayakimbia. Hemoglobini ikishaachia oksijeni, ile valini hupata kishimo kwenye molekuli ya jirani ikajibanza humo, jirani naye kwa jirani yake, mpaka zinakuwa kamba ndefu ngumu zinazoivuta seli nzima kuwa mundu. Nilipoelewa hilo la kujibanza, ndipo kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini tulikuwa tukimkataza asilale na kiu. Maji yakipungua ndani ya seli, molekuli husogeleana, na kamba hufungika upesi.

Muhula wa pili ukawa wa mikono, na mikono yangu ilinitia aibu.

Kipimo chenyewe kinaitwa elektroforesisi. Unachukua ukanda mwembamba wa selulosi asetati, unauloweka kwenye bufa, maji yenye kemikali za kutunza kiwango cha asidi, unaugusisha matone madogo ya damu iliyopasuliwa seli zake, halafu unaulaza juu ya kisanduku chenye umeme, ncha moja chanya na nyingine hasi. Kwa bufa ya alkali hemoglobini zote huwa na chaji hasi, kwa hiyo hukimbilia upande wa chanya. Ile ya kawaida, A, hukimbia mbele. S, ile ya selimundu, kwa kuwa imepoteza zile glutamati, chaji yake hasi imepungua, kwa hiyo hubaki nyuma. Baadaye unaupaka ukanda rangi nyekundu, na mistari inajitokeza.

Mara ya kwanza kuachiwa mashine peke yangu niliandaa kila kitu kwa uangalifu wa bi harusi. Nikawasha. Nikaona dakika ishirini na tano ni nyingi za kukodolea macho kisanduku, nikatoka kwenda kunywa chai na mandazi mawili. Niliporudi nikaupaka ukanda rangi, nikausafisha, nikauinua kwenye mwanga. Mweupe. Mweupe pe, kama sanda. Hakuna mstari hata mmoja.

Nilirudia kuchanganya bufa. Nilishuku damu. Nilishuku rangi. Fundi wa maabara, mzee mpole aliyekuwa akinitazama kwa muda tangu mlangoni, akaja, hakusema neno, akachomoa waya mwekundu na waya mweusi, akavibadilisha mahali, akaenda zake. Nilikuwa nimegeuza umeme. Damu yote ilikuwa imekimbia kinyumenyume, ikatoka nje ya ukanda, ikaingia kwenye bufa. Na hemoglobini ni nyekundu! Ningekaa pale badala ya kufuata mandazi, ningeiona kwa macho yangu ikienda njia isiyo yake.

Alhamisi moja tukafanya zoezi la vipimo vya selimundu, na kila mmoja akatakiwa ajitoe tone lake mwenyewe, anayetaka. Tulianza na kile cha zamani: tone la damu kwenye kioo, tone la metabisulfaiti ya sodiamu kuinyang'anya oksijeni, kifuniko juu yake, pembeni unaziba kwa mafuta ya mgando hewa isiingie. Halafu unasubiri. Nilitazama kwenye hadubini, seli za mviringo, nzuri, kama chapati zilizopangwa. Nikatazama tena baada ya muda. Moja ilikuwa na pembe. Jirani yake ilikuwa imejikunja kama jani la mpunga. Nikasogeza kioo. Nyingine. Nyingine.

Kipimo hicho hakitofautishi mbebaji na mgonjwa, kwa hiyo nikaweka damu yangu kwenye ukanda, na safari hii sikwenda popote. Nilikaa. Nikaona doa langu likigawanyika taratibu, sehemu ikitangulia, sehemu ikisita. Baada ya rangi ilikuwa wazi: mistari miwili, ule wa A mnene kidogo kuliko ule wa S. AS. Mmoja wa wale wawili kati ya watatu.

Sikulia, na wala haikuwa habari mbaya. Mbebaji hana ugonjwa. Niliandika matokeo kwenye daftari, tarehe, namba ya sampuli, kama nilivyofundishwa. Kisha nikaandika pembeni kwa penseli: *na yeyote atakayeniposa apimwe kwanza*. Mwalimu aliposahihisha daftari akaweka alama ya vema hapo pia.

Niliyempenda kuliko wote katika masomo yale alikuwa Anthony Allison, na si kwa sababu alikuwa mtakatifu. Alizaliwa Afrika Kusini, akakulia hapa Kenya. Mwaka 1949 alikuja na msafara wa wanafunzi wa Oxford uliokuwa ukienda Mlima Kenya, wenziwe wakakusanya mimea na wadudu, yeye akakusanya damu. Akaona jambo la ajabu: karibu na pwani yetu na kando ya Ziwa Viktoria, wanaobeba jeni ya selimundu walizidi asilimia 20. Nyanda za juu na kwenye ukame, chini ya asilimia 1. Ramani ile ilikuwa ni ramani ya mbu. Alirudi 1953 baada ya kumaliza udaktari kuijaribu fikra yake, na mwaka 1954 akachapisha: wanaobeba jeni moja wana kinga dhidi ya malaria. Ndiyo maana jeni inayoua haikufa.

Tulijadili pia namna alivyojaribu. Sehemu moja ya kazi ile ilikuwa kuwaambukiza malaria makusudi watu wazima thelathini, Wajaluo, nusu wakiwa na jeni na nusu hawana. Kati ya wasio nayo kumi na watano, kumi na wanne walishikwa. Kati ya walio nayo, wawili tu. Walitibiwa. Hata hivyo darasa lilichafuka siku hiyo, na mwenzetu mmoja kutoka Siaya, kwa Wajaluo, hakuongea tena mpaka jioni. Mhadhara wa kawaida ungetupa namba na kutupitisha. Mwaka huu wa ziada ulikuwa na nafasi ya kuchafuka.

Na kuna fundo moja ambalo hata wauguzi wengine nimewasikia wakilikosea: kinga ni ya mwenye jeni moja. Mwenye mbili, kama mdogo wangu, malaria ikimpata inaweza kumuua haraka kuliko mtu mwingine. Paludrini yake ya kila siku haikuwa mbwembwe.

Sasa nisije nikawauzia mbuzi kwenye gunia. Mwaka huu una gharama, na ya pesa siyo kubwa zaidi.

Niliporudi kwenye udaktari wenzangu walikuwa wamenitangulia. Niliwaona wakipita na stetoskopu shingoni, wakitembea kwa ule mwendo wa watu wanaoitwa "daktari" kwa mara ya kwanza. Mimi niliingia na darasa la nyuma yao, watoto niliokuwa nikiwafundisha anatomia jioni kwa malipo ya chipsi. Na hiyo anatomia nilikuwa nimeisahau. Wodini niliulizwa mgonjwa huyu kifundo cha mkono kimelegea, hawezi kuuinua, ni neva gani? Nikasema ulna. Nyuma yangu sauti ndogo ikasema, "Radiali." Alikuwa yule mla chipsi.

Kibaya zaidi, nilikuwa nimekuwa mzito. Mwaka mzima nilifundishwa kutosema kitu mpaka niwe na ushahidi, na wodi haina subira hiyo. Katika hospitali moja daktari bingwa aliniuliza mgonjwa apewe nini, nikaanza kueleza mambo matatu yanayoweza kuwa yanasababisha hali yake. Akanisikiliza hadi mwisho. "Vizuri sana," akasema. "Wakati unaeleza, umemwekea maji?" Sikuwa nimemwekea. Alikuwa na haki, na nilikaa miezi kujifunza kuendesha akili mbili kwa zamu: ile ya kufanya sasa hivi na ile ya kuuliza usiku.

Kwa hiyo akinijia mtu anataka kuchomekea kwa sababu ya wasifu, namwambia alale kwanza. Kama huna swali linalokunyima usingizi, mwaka huu utakuwa mrefu kama Ramadhani ya jua kali. Kama unalo, basi hutauhesabu.

Mimi nililipwa siku moja kwenye wodi ya watoto. Mtoto wa miezi saba, mikono imevimba. Bingwa akatugeukia: "Amezaliwa na ugonjwa huu. Miezi sita alikuwa wapi?" Kimya. Safari hii sauti ilikuwa yangu. Mtoto huzaliwa na hemoglobini F, ya tumboni, isiyo na mnyororo wa beta kabisa, kwa hiyo kosa halina pa kukaa. F ikipungua na ya utu uzima ikishika zamu, ndipo ugonjwa unapojitokeza. Na ndiyo njia ambayo haidroksiurea, dawa ya selimundu, huipitia: huiamsha F iendelee kuwepo. Majaribio ya dawa hiyo kwa watoto wa Afrika yalifanyika katika nchi nne, na kituo cha Kenya kilikuwa Kilifi kwetu. Matokeo yalichapishwa 2019, maumivu yalipungua, malaria ilipungua, vifo vilipungua. Mdogo wangu anakunywa kidonge hicho sasa. Hajalazwa tangu mwaka juzi, na makelele yake nyumbani yameongezeka kwa kiwango ambacho hakijachapishwa popote.

Lakini nilikuwa nasimulia Desemba ile, ya samaki na rambirambi.

Jioni mamangu alikuwa barazani akichambua mbaazi za kesho. Nilimwambia kuhusu ukanda wangu na mistari yake miwili. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza, bila kuinua macho, lile swali ambalo nadhani alikuwa nalo tangu mdogo wangu ana miezi minane: "Kwa hiyo ni mimi?"

Nilichukua vikombe viwili. Katika kila kimoja nikatia mbaazi moja na kunde moja. "Hiki chako, hiki cha baba," nikamwambia. "Fumba macho. Toa moja kila kikombe."

Akatoa mbaazi na mbaazi. Nikamwambia huyu mzima, habebi kitu. Tukarudisha. Akatoa mbaazi na kunde. Huyu anabeba. Tukarudisha tena. Mara ya tano hivi zikatoka kunde mbili, akafumbua macho, akazitazama kiganjani.

"Moja huku, moja huku," akasema.

"Moja huku, moja huku. Haiwezekani kwa kikombe kimoja."

Akazitazama sana. Akairudisha ya baba kwenye kikombe cha baba, kwa taratibu, kama anayelipa deni la mtu mwingine. Kisha akaniambia nimtolee na ile yangu mimi. Nikaweka mbaazi na kunde juu ya ungo, nikamweleza na habari ya malaria, kwamba yule mwenye moja ana kinga, na kwamba pengine, siwezi kuapa, ndiyo maana sikuwahi kulazwa kwa malaria utotoni wakati watoto wa jirani walikuwa wakibebwa kila masika. Hawe, ambaye siku zote alidai ni dawa yake ya mizizi, akaguna huko alikokuwa.

"Hii kunde yako," mamangu akauliza, "ni ya kikombe changu au chake?"

"Hiyo siwezi kujua, mama. Kipimo changu hakisemi."

"Hakisemi?"

"Hakisemi."

Akaichukua kwenye ungo, akaifuta kwa leso yake.

"Basi hii ni yangu," akasema, akaitia kwenye kikombe chake.